Damu ya Hosiyat Ilikwenda Wapi

Simu ilipolia, Muqaddas alikuwa anapiga pasi gauni la mteja. Aliona jina la wifi yake kwenye kioo, akaibana simu begani akaendelea na kazi. Oyjamol hakumsalimia. Alisema tu, "Wifi, acha unachofanya uje." Muqaddas akauliza kama mama amezidiwa. Nyuma ya pumzi za Oyjamol akasikia mwanamume analia kwa sauti. Akaitambua. Ilikuwa sauti ya kaka yake Abduvohid, ambaye hakulia hata siku baba yao alipozikwa.

"Vaa nguo ya buluu," Oyjamol akasema, akakata simu.

Kijijini kwao wafiwa huvaa buluu, kwa hiyo hakuhitaji kuongezewa neno. Alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" kama mama yake alivyomfundisha tangu utoto, akalisema mpaka mwisho bila kukwama. Ndipo akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Pasi ilikuwa imekaa palepale, na gauni la mteja lilikuwa na doa jeusi kifuani. Alilitazama lile doa akangoja machozi, lakini machozi hayakuja. Kilichokuja ni hasira, na ilikuja ikiwa imekamilika, kama kitu kilichokuwa kinamngoja mlangoni kwa siku nane.

Siku nane. Alizihesabu akiwa ndani ya gari la abiria kutoka Margilan, mji aliokuwa akiishi, huku dereva akizima muziki kwa heshima ya nguo yake. Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa amesafiri kwa njia hiihii kumchukua mama yake ampeleke hospitali ya mkoa. Leo ilikuwa Jumatano.

*

Hosiyat alizaliwa katika kijiji hicho, akaolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, na katika miaka sabini na moja ya maisha yake hakuwahi kulala mahali ambapo mtu hasikii mfereji wa maji ukipita. Alichuma pamba ya serikali tangu akiwa darasa la nne. Alizaa watoto saba, wakabaki wanne. Kila mimba yake alikula udongo. Alikuwa anamega vipande kutoka kwenye tanuri la mkate lililobomoka nyuma ya nyumba, anavificha kwenye mfuko wa aproni na kuvitafuna akifikiri hakuna anayemwona. Wauguzi wa kliniki ya uzazi walimwandikia "upungufu wa damu" mara saba, na kila aliyekuwa kwenye foleni nyuma yake aliandikiwa hivyohivyo. Ilikuwa kama kuandikiwa kwamba wewe ni mwanamke. Mtu haendi kulalamika kwa jambo ambalo dada yake, mama yake na jirani yake wote wanalo.

Kazi yake hasa ilikuwa viwavi wa hariri. Kila majira ya kuchipua, ofisi ya hariri iligawa mayai kwa kila nyumba, na kwa siku thelathini hivi nyumba haikuwa tena ya watu. Vyumba viwili vikubwa viliondolewa mazulia na magodoro, vikawekwa vitanda vya kamba kwa ajili ya viwavi, na watu wakahamia jikoni. Enzi za ujana wake Hosiyat aliyaangua mayai hayo kwa joto la mwili wake mwenyewe, akiyafunga kwenye kitambaa kifuani siku kumi, halali kifudifudi, hakasiriki, hapigi kelele. Alisema ndiyo siku pekee za mwaka ambazo mama mkwe wake hakuthubutu kumgombeza. Katika hilo alikuwa na ulimi. Mtu akimsifu kwa vifukofuko vyeupe vya hariri vya viwavi wake alijibu kwamba viwavi wana adabu kuliko watoto aliowazaa, maana wakishiba wananyamaza.

Na alikuwa na miiko, akaishika kuliko mtu yeyote kijijini. Mgeni haingii wakati viwavi wanakula. Kitunguu hakikaangwi. Mwenye jicho baya asimamishwe nje ya geti. Na aliyetoka kwenye nyumba ya msiba asikanyage ua mpaka viwavi wapande vijiti na kuanza kusokota hariri, kwa sababu kifo humfuata mtu kwenye nguo, na viwavi huoza vitandani kwa usiku mmoja. Muqaddas alikua na miiko hiyo. Alipoanza kusoma Kurani vizuri alijua kwamba haimo humo, lakini hakuwahi kumwambia mama yake hivyo, na sasa ndani ya gari alijiuliza ni adabu au ni woga uliomnyamazisha.

*

Weupe ulianza wakati wa baridi. Hosiyat alikuwa anasimama katikati ya ua na ndoo mkononi, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima. Midomo ikawa rangi moja na mashavu. Wanawake walipomshangaa alisema, "Nimekuwa mweupe hivi uzeeni, mjihadhari nisije nikaposwa." Wakacheka. Wakamletea maji ya komamanga, zabibu nyeusi, maini ya kondoo na kokwa za aprikoti zilizosagwa na kuchanganywa na asali. Kila mmoja alikuwa na dawa, kwa sababu kila mmoja aliwahi kuwa na ugonjwa huo.

Mwezi wa pili Muqaddas alimpeleka kituo cha afya. Daktari aliangalia karatasi, himoglobini themanini na nne badala ya mia na ishirini, akaandika vidonge vya chuma bila kunyanyua kichwa. Alisema hilo ni jambo la kawaida kwa akina mama wa bonde hili. Aliongeza kwamba vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi, wasiogope. Alishauri pia ale maini zaidi.

"Mwambie anitumie na ng'ombe," Hosiyat alimnong'oneza binti yake walipokuwa wanatoka.

Damu ikapanda kidogo, kisha mwezi wa nne ikashuka chini kuliko mwanzo, hadi sabini na mbili. Aliyeshtuka hakuwa daktari. Alikuwa Matluba, mwanamke wa maabara, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuwa na ruhusa ya kumwambia mgonjwa lolote. Alitoka nje ya chumba chake na ile karatasi mkononi akawaita pembeni kwenye korido. Alikuwa amepima kitu kingine kwa uamuzi wake mwenyewe, kinachoitwa feritini, na akawaeleza kwamba hicho ndicho kinachoonyesha ghala la chuma mwilini lina akiba gani. La Hosiyat lilikuwa tano.

"Ghala limefagiliwa, mama yangu," Matluba alisema. "Hamna hata punje."

Hosiyat akasema ndivyo alivyokuwa tangu msichana, na kwamba wanawake wote wa kijijini wako hivyo.

"Msichana anapoteza damu kila mwezi. Mzazi anapoteza akijifungua. Wewe hedhi imekatika miaka ishirini iliyopita. Sasa mimi nakuuliza, na unijibu: damu yako inakwenda wapi?"

Hosiyat akatazama sakafu. Matluba akamuuliza choo chake kikoje. Akasema cheusi, ni kwa ajili ya vidonge. Akamuuliza kabla ya vidonge kilikuwaje. Hosiyat, ambaye hakuwahi kulitaja neno hilo hata mbele ya mume wake, akajibu kwamba yeye huwa haangalii. Ndipo Matluba akauliza kama anatumia dawa nyingine, na Muqaddas akakumbuka zile za magoti. Mama yake alizinunua dukani bila cheti, vidonge viwili vitatu kwa siku, akivimeza alfajiri kwa chai tupu kabla ya kwenda kukata matawi ya mforsadi, chakula cha viwavi. Magoti yalikuwa yamevimba kwa miaka mingi, na bila vidonge asingeweza kupiga magoti kwenye sala.

Matluba hakungoja daktari. Alimsukuma Muqaddas ndani ya ofisi ya daktari akasimama mlangoni mpaka ikaandikwa barua ya kwenda mkoani, kupitishiwa kamera kooni ili tumbo liangaliwe. Siku ikapangwa, Jumanne ya tatu ya mwezi wa tano.

Ndiyo Jumanne ile. Siku moja kabla, jirani wa Muqaddas mjini alifariki, na yeye kama jirani alikwenda kuosha vyombo vya msiba. Asubuhi alipofika kwa mama yake na gari linamngoja barabarani, alimwambia kaka yake ukweli, kwa sababu hakulelewa kudanganya. Abduvohid akaziba mwanya wa geti kwa bega.

Alimwambia hawezi kuingia. Viwavi walikuwa wameamka kutoka usingizi mkubwa wa kujivua ngozi, ule wa nne, na sasa walikuwa wanakula mchana na usiku. Nyumba nzima ilikuwa mikononi mwa mama, maana yeye peke yake ndiye aliyejua kuwasikiliza. Angoje wiki moja tu. Muqaddas alisema basi mama atoke nje, gari lipo. Wakabishana kwa sauti ya chini, kwa sababu kelele nazo zilikatazwa.

Mama yao akaja mwenyewe akasimama upande wa pili wa mbao. Muqaddas aliona vidole vyake tu, vimeshika ukingo wa geti. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati, kama vijiko vidogo vya chumvi.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Hosiyat alisema. "Wakishapanda vijiti nitakuja mwenyewe. Nitaimeza hiyo kamera yao, hata wakiniwekea na kachumbari."

Alicheka na pumzi zikamkata. Muqaddas naye akacheka. Kisha akaenda kumwambia dereva ageuze gari.

*

Geti lilikuwa wazi pande zote mbili, limeegemezwa kwa mawe lisijifunge. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya msikiti yaliyopangwa barabarani. Abduvohid alikuwa amesimama pale anaposimama mfiwa, kofia kichwani, joho limefungwa mshipi kiunoni, akipokea watu. Watu waliingia na kutoka, waliotoka mazikoni juzi na waliotoka mbali, wenye macho ya kila aina. Ndani mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

Alipomwona dada yake alifungua mikono. Muqaddas hakuikaribia.

"Jumanne ulinizuia hapa kwa msiba wa jirani," alisema. "Leo mbona unaingiza kila mtu?"

Wanaume wa benchi la karibu wakainama. Abduvohid alikuwa na macho mekundu na ndevu za siku nyingi. Alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba mama mwenyewe ndiye aliyesema siku ile, na Muqaddas alisikia kwa masikio yake.

"Mama alisema. Na wewe ulifurahi kusikia."

Akampita. Akaingia uani.

Huko akasikia sauti kutoka kwenye vyumba vikubwa. Ilikuwa kama sauti ya mvua inayonyesha juu ya majani, na nje jua lilikuwa linawaka. Viwavi walikuwa wanakula. Mama amelala kwenye chumba kidogo amefunikwa, na hatua ishirini kutoka hapo watoto wa kike wa majirani walikuwa wanapokezana kubeba matawi kwenda kuwalisha, kwa sababu msiba ukiisha ofisi ya hariri itakuja kuchukua vifukofuko vyake. Muqaddas alisimama katikati ya ua akatamani kuingia humo ndani na ndoo ya maji yanayochemka. Alilitamani jambo hilo kwa moyo wote. Kisha akakumbuka ni nani aliyewatunza viwavi hao mpaka leo alfajiri, akaenda kwa mama yake.

Oyjamol alimsimulia huku akilia. Mama alikuwa amebeba mzigo wa matawi. Akasema anasikia kiu. Akakaa kwenye kizingiti, akatapika kitu kama masalia ya kahawa, akaomba radhi kwa kuchafua mlango, akaegemea. Walidhani amelala. Gari la wagonjwa lilikuja baada ya kila kitu kwisha.

Mwosha maiti alikuwa Bibi Zebiniso, mwanamke mrefu mkavu ambaye aliwaosha wanawake wote wa kijiji kwa miaka thelathini na hakuwahi kusikika akisema aliona nini. Muqaddas aliomba kumimina maji. Zebiniso alimtazama usoni, akaona atamudu, akampa jagi.

Walimwosha chini ya shuka, kama ilivyoamriwa. Mwili ulikuwa mweupe kiasi kwamba shuka lilionekana la manjano. Zebiniso alipombonyeza tumbo taratibu, kama mwosha anavyotakiwa, kitambaa kilirudi cheusi, cheusi cha lami, na harufu yake ilikuwa ya chuma kilicholowa. Akakifunga haraka, akachukua kingine. Kikarudi vilevile.

"Ni vidonge vya chuma," Oyjamol alisema kutoka mlangoni, akiwa ameshika taulo. Halafu akageuza uso.

Muqaddas akamgeukia. Alimuuliza mama alimeza kidonge cha chuma mara ya mwisho lini. Oyjamol alijaribu kuondoka, akarudi. Akasema mama aliviacha tangu mayai yalipoanguliwa, vilikuwa vinamchoma tumbo. Aliviweka kwenye kopo la chai, vimo mpaka leo. Vya magoti ndivyo alivyoendelea navyo.

"Wiki nne," Muqaddas alisema.

"Aliniapisha nisikwambie, wifi. Alisema utamletea makelele wakati wa viwavi."

Ikawa wazi kama mchana. Ule weusi haukuwa wa vidonge, wala pengine haukuwahi kuwa wa vidonge. Mama yake alikuwa na kidonda tumboni, pengine kilichochimbwa na vile vidonge vya magoti, na tangu wakati wa baridi damu yake ilikuwa inateremka kidogokidogo, kila siku, na kila siku wao walikuwa wanammiminia juu komamanga na maini. Daktari aliwaambia wasiogope rangi, wakatii. Kijiji kizima kilimwambia kuwa damu kidogo ni hali ya wanawake, akakubali. Mtu mmoja tu aliuliza swali, naye alikuwa mwanamke wa maabara asiye na ruhusa ya kusema.

Na alimkasirikia mama yake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kumwagia maji mabega yaleyale na kumkasirikia. Ulijua, alimwambia moyoni. Uliona. Ukaona haya kutamka, ukaficha vidonge kwenye kopo la chai, ukanichekesha mbele ya geti. Mimi nikacheka, nikageuza gari.

Kisha akamwambia Bibi Zebiniso kwamba anataka wanawake waambiwe.

Zebiniso hakuinua macho. Alikuwa anasuka nywele za marehemu, misuko ya mvi iliyobaki myembamba kama uzi. Alisema alichokiona juu ya ubao huu kinaingia kaburini pamoja naye, na ndivyo alivyoahidi mbele ya Mungu. Mwosha maiti husitiri.

"Unasitiri aibu, bibi. Hii si aibu. Hii ni damu."

"Wao watasikia choo, mwanangu. Watamkumbuka kwa hilo."

"Wamkumbuke."

Zebiniso alimaliza msuko mmoja, akaanza wa pili. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole kuliko mwanzo. "Mimi sitasema," alisema mwishowe. "Lakini wewe ni binti yake. Haki yake iko kwako kuliko kwangu. Ukisema wewe, mimi sikukuzuia."

*

Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa. Mwalimu wa Kurani wa akina mama, aliyeketi mahali pa heshima, alikuwa amemaliza kusoma Yasini na sasa anazungumza kwa upole. Alisema Hosiyat ameondoka akiwa na kazi ya halali mikononi, umri umefika, ajali yake, ile saa aliyoandikiwa na Mungu, imefika, na kwamba kuuliza kwa nini ni kumuuliza Mola.

Muqaddas alikaa mlangoni, mikono bado imelowa. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa, kwa sababu walidhani anataka kumwombolezea mama yake.

Alisema anaamini kwamba ajali imefika. Anaamini kwamba hakuna jani la mforsadi linaloanguka bila Mungu kujua. Lakini Mungu huyohuyo ndiye aliyeweka sababu, na akawapa macho, na wao wote waliokaa humu, na yeye wa kwanza, walimtazama mwanamke akikauka tangu wakati wa baridi wakasema ni kawaida. Akawaeleza yote, swali la mwanamke wa maabara, tumbo, kitambaa, vidonge vya magoti kwa chai ya alfajiri. Hakupunguza sauti alipofika kwenye neno lile. Wasichana wakafunika midomo kwa ncha za mitandio. Mwalimu akasema, "Muqaddas, binti yangu, mstahi marehemu."

"Ndiyo ninavyomstahi. Kama mlikuwa mnampenda, msinipe pole. Nendeni mkaangalie kilichomo chooni mwenu. Mwanamke aliyekatika hedhi hana pa kupoteza damu. Akiwa mweupe, msimpikie maini. Mpelekeni."

Mtu aliinuka kumimina chai, akaona haifai, akakaa. Sauti ya viwavi ikasikika ukutani. Bibi mmoja, Karomat, rafiki wa Hosiyat tangu mashamba ya pamba, alikuwa amekaa kwenye kona amejifunika mtandio mweupe, na uso wake haukutofautiana sana na rangi ya mtandio. Alimwita Muqaddas kwa kidole. Muqaddas akainama, na yule bibi akamuuliza sikioni, akiwa amekasirika kama aliyetukanwa, huyo mwanamke wa maabara anafungua saa ngapi.

Muqaddas akamwambia saa mbili asubuhi. Akamwambia pia jina lake.

*

Adhuhuri ilikuwa imepita walipofungua sanda usoni ili familia iage. Hosiyat alinuka kafuri. Walipita mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kwamba yuko radhi naye. Abduvohid aliingia akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa jeneza, akakaa hivyo mpaka imamu akagonga ukuta kwa nje. Alipoinuka alimtazama dada yake. Akamwomba amsamehe, kwa sauti ndogo, mbele ya wanawake.

"Mama nimeshamsamehe," Muqaddas alisema. "Wewe ningoje. Namwomba Mungu anipe, sasa hivi sina."

Abduvohid alitikisa kichwa kukubali, akaenda kuwaita wanaume.

Muqaddas akainama akambusu mama yake kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi na limelowa kidogo pembeni, pale pamba ilipoishia. Akamwambia kwamba yuko radhi naye kwa maziwa na kwa malezi, akaomba na yeye awe radhi kwa ile Jumanne. Akavuta sanda juu. Zebiniso akafunga fundo.

Wanaume sita wakalinyanyua jeneza wakalitoa nje ya ua. Lilisimama kidogo barabarani. Imamu akauliza watu huyu alikuwa mtu wa namna gani, nao wakajibu kwa pamoja kwamba alikuwa mtu mwema, mara tatu. Kisha wakaondoka kwa mwendo wa haraka kama desturi ilivyo, wakibadilishana mabega kila baada ya hatua chache, Abduvohid akiwa mbele upande wa kulia. Wanawake hawaendi makaburini. Walisimama getini. Muqaddas alisoma Fatiha akaanza tena, macho yakiwa kwenye kitambaa cha mahameli kilichofunika jeneza, mpaka msafara ulipovuka mfereji na kukata kona kwenye ukuta wa shule. Baada ya hapo aliona vumbi. Hosiyat alizikwa kabla ya alasiri, kando ya mumewe.